Chokaa ya Kaburi la Mize

Juzi alikuja karani kutoka mjini Bagamoyo, kijana mstaarabu tu, kofia mkononi, shikamoo nyingi. Ametumwa, anasema, kuandika habari za kile kiwanja cha ndege za vita kilichokuwa huku kwetu Kisimani, nyuma ya Zinga. Kilijengwa lini, kilikuwa na urefu gani, kilifanya kazi gani. Nikamwambia kaa. Akakaa kwenye mkeka, akafungua daftari, nikamjibu yote aliyoniuliza. Alipokuwa anaagana nami akasema, "Alhamdulillahi, mzee, hapa kwenu vita vilipita salama. Hakuna aliyedhurika."

Nusura nimtimue kwa bakora. Salama! Nani kakwambia salama, wewe? Lakini nikajizuia, maana kosa si lake. Yeye aliuliza urefu wa kiwanja, hakuuliza habari za dada yangu. Na mimi habari za kiwanja kile siwezi kuzieleza bila Mwaija, kwa hiyo alichokiandika kwenye daftari lake ni ganda tu. Nyinyi nitawapa kilichomo ndani. Nikikasirika mnivumilie, nimezeeka na hasira zangu ndizo zilizobaki.

Mwaija binti Rehani alinizidi miaka minane. Mama yetu alifariki mimi bado natambaa, na baba hakuoa tena, kwa hiyo mgongo nilioujua ni wa Mwaija. Yeye ndiye aliyenitolea miba ya samaki, yeye ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani akinivuta sikio. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi. Ukiingia kwake bila adabu anakurudisha mlangoni. "Toka nje, upige hodi kama mtu," anakwambia, hata kama una ndevu. Kazi yake kusuka mikeka, na si ile ya kuanikia mpunga, ni mikeka ya rangi ya kutandika harusini. Wanawake wa mjini walikuwa wakimtumia salamu wiki nzima kumbembeleza amalize.

Aliolewa na Bwanausi, mtu wa Fukayosi. Mimba tatu zikaharibika. Ya nne ndiyo Mize, mtoto wa maneno mengi, meno ya mbele yamepishana, anamfuata mama yake kila kona ya nyumba. Alipokuwa na miaka minane akaanza kusuka msala wake mwenyewe, eti atausalia akishakuwa mkubwa. Akatimiza tisa, msala umefika nusu. Homa ikamkamata Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita. Bwanausi alilia mpaka akatufanya na sisi tulie, ila arobaini ilipopita tu akarudi kwao Fukayosi akaoa, na talaka akaituma kwa barua. Kaburini hakutia mguu tena. Mimi yule mtu nilimchukia sana, ingawa nani mimi leo wa kumchukia mwenzangu.

Makaburi yetu ya ukoo yalikuwa manane. Baba alikuwa mtu wa kupenda mambo yanyooke, basi yalikaa safu moja, hakuna lililotoka mbele wala lililorudi nyuma, kila moja na jiwe la kichwani na jiwe la miguuni na vijiwe vya kuzungushia. La Mize lilikuwa la mwisho, upande wa njia. Kila Alhamisi baada ya alasiri Mwaija alikwenda na majani ya mrehani, akatandika ule msala nusu, miyaa yake isiyosukwa ikining'inia vilevile alivyoiacha mtoto, akasoma Yasini. Akimaliza anazungumza naye. Anamweleza nani kaolewa, kuku wa nani kaliwa na kicheche. Watu walimcheka. Hata mimi nilimcheka. Wala hakujali.

Basi mwaka wa arobaini na mbili, masika yalipokatika, wakaja wapimaji na mashine yao ya miguu mitatu. Ilisemekana Wajapani wana manowari zinazotembea chini ya maji, zinazamisha meli, na Serikali inataka kiwanja cha ndege za kuchungulia bahari. Bahari yenyewe iko palepale tangu enzi za Nabii Nuhu, lakini nani alituuliza sisi? Vigingi vikapigwa kuanzia shamba la mihogo la marehemu Abdala mpaka karibu na mikoko. Kigingi kimoja kikaingia katikati ya kaburi la baba na kaburi la mama.

Mwaija hakupiga kelele. Alichukua msala wa Mize, akautandika kando ya kaburi la mwanawe, akakaa akakiegemea kigingi. Akakaa tangu jua la asubuhi mpaka limefika utosini. Vibarua wakamwambia ondoka, akawatukana mpaka wakaona haya. Mwishowe akaja mkubwa wao, Mzungu wa makamo mwenye miwani, Kiswahili chake cha bomani.

"Mama, ondoka," akasema. "Hii kazi ya vita."

"Vita vyenu na nani?"

"Na Wajapani."

"Huyu hapa hawajui Wajapani," Mwaija akamjibu, mkono juu ya jiwe. "Ana miaka tisa."

Yule Mzungu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akauliza jina la mtoto. Akaambiwa. Kisha akageuka akawapigia kelele watu wake kwa lugha yao, vigingi vikang'olewa upande mzima ule vikarudishwa nyuma. Hatua arobaini. Mwaija alizipiga kwa miguu yake mwenyewe, na Mzungu akasimama akimwangalia. "Mpaka ni hapa," akamwambia. "Hapa kwenye makaburi yenu hatugusi." Akampa na mkono. Wallahi, mimi mtu aliyemshinda Mzungu kwa kukaa chini sijamwona mwingine.

Kijiji kizima kikajaa sifa zake. Na mimi mdogo wake nikatembea kifua mbele kana kwamba niliyekaa pale ni mimi.

Kiwanja kikajengwa. Minazi ikaangushwa, mashamba yakasawazishwa, kifusi chekundu kikamwagwa na kushindiliwa. Nami nikapata kazi humohumo. Kazi yangu ilikuwa mawe. Ukingoni mwa njia ya ndege, pande zote mbili, kila baada ya hatua ishirini palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa, ili rubani akiwa juu aone kiwanja kinaishia wapi, na vibarua wa chini wajue wasafishe mpaka wapi. Nilipewa kaptura ya kaki, debe na burashi. Kila mwezi nayazungukia yote nayapaka upya. Msicheke, ilikuwa kazi ya heshima. Watoto waliniita Bwana Mawe, na mimi nikiitwa hivyo nageuka.

Karani aliniuliza kiwanja kilifanya kazi gani. Haya, nikamwambia, na nyinyi nawaambia. Zilikuwa ndege mbili, siku nyingine tatu. Zinaruka alfajiri, moja inaelekea Pangani, moja inashuka kusini upande wa Mafia, zinarudi saa nne watu wake wanakunywa chai. Wavuvi wakakatazwa taa, wakakatazwa kupita ufuko wa mbele ya kiwanja, wakawa wanazunguka na nyavu mabegani nusu ya siku. Manowari haikuonekana hata moja. Bomu lilitupwa mara moja tu ninayoijua, na aliyeuawa ni nyangumi. Mawimbi yakatuletea samaki waliokufa mpaka tukawachoka kuwala. Hivyo ndivyo vita vya kiwanja chetu, na karani hakuandika habari za nyangumi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani. Mnajua desturi yetu. Shaabani ikiingia watu wanakwenda kuzuru makaburi yao kabla ya kufunga Ramadhani, wanapalilia, wanapaka mawe chokaa, wanasoma hitima. Mwaija hakuwahi kuiacha hata mwaka mmoja. Lakini mwaka ule chokaa haikupatikana. Matanuri yote ya pwani, kila kinachochomwa kinachukuliwa na jeshi. Akatuma watu Zinga, hakuna. Akatuma mjini, hakuna.

"Mwaka huu watakaa na kutu zao," akaniambia, na sauti imemwishia.

Na mimi, mpumbavu, nikajibu, "Dada, una ndugu mwenye chokaa ya Serikali, unahangaika nini? Niachie mimi."

"Usiniletee cha wizi, Mbaruku."

"Wizi wapi! Ni masazo."

Hayakuwa masazo. Ilikuwa chokaa ya mwezi ule ya mawe ya upande wa bara, upande uleule wa makaburi. Nikajisemea upande ule hauna maana, ndege zinatazama baharini, nani atajua kama jiwe limepakwa mwezi huu au mwezi ujao? Nikabeba debe zima nimelifunika kwa majani ya mihogo, nikampelekea. Na mawe ya mpakani nikayaacha hivyo. Mvua zilikuwa zimeyarushia matope, na nyasi zimepanda mpaka kiunoni. Ukisimama mbali huyaoni.

Mwaija alipaka mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie. Makaburi manane, jiwe moja moja, na vile vijiwe vya kuzungushia vyote. Watu walipokuja kwenye hitima walishangaa jinsi yanavyong'aa. Mwalimu Mohamedi, aliyetusomesha chuoni sote, akanung'unika kwamba kaburi halitaki mapambo kiasi hicho. Mwaija akamwambia, "Mwalimu, wewe soma, mambo ya burashi tuachie." Watu wakacheka, na Mwalimu naye akacheka. Tulipokuwa tunaondoka dada yangu akageuka nyuma akatazama ile safu, akaniambia, "Sasa hata ndege ikipita juu itawaona watu wangu." Sijamwona na furaha ile tangu Mize alipokuwa hai.

Zikapita siku tatu.

Yule mkubwa mwenye miwani alikuwa ameshahamishwa, kapelekwa Tabora. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mwekundu, mwenye haraka, hajui neno la Kiswahili. Alhamisi asubuhi akatazama kiwanja, akaona nyasi zilivyopanda upande wa bara, akafoka. Ikaletwa tingatinga. Amri ikatoka: safisha na sawazisha mpaka kwenye mawe meupe. Mimi nilikuwa penye pipa la maji nachanganya chokaa mpya. Nyapara wetu alikuwa Mwishehe, mtu wa Mkange, hakuwa mwenyeji wa Kisimani na makaburi yetu hakuyajua. Akaweka kiganja juu ya macho akatazama kule mbali, kisha akaniita kwa sauti.

"Mbaruku! Yale mawe kule ni mawe yako?"

Nikatazama. Katikati ya nyasi palionekana mstari mmoja tu mweupe, umenyooka vizuri kabisa. Baba alikuwa mtu wa kupenda mambo yanyooke.

Nataka mjue kilichopita kichwani mwangu, maana nimekaa nacho miaka mingi. Wiki ile ile vibarua wawili walikuwa wamecharazwa viboko hadharani kwa kopo la mafuta ya taa, kisha wakapelekwa jela. Nikisema hapana, swali la pili ni nani kayapaka. La tatu ni chokaa kaipata wapi. Nikaona jela, nikaona kaptura yangu ya kaki inavuliwa mbele za watu. Na nikajiambia, Mungu ni shahidi yangu nilijiambia hivi, wanakata nyasi tu. Watafika, wataona ni makaburi, watasimama. Nani asiyelijua kaburi akiliona?

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Mwishehe akamwashiria dereva. Dereva alikuwa askari mgeni, ameketi juu kabisa, vumbi mpaka machoni. Tingatinga likaenda, likapita mawe ya kweli ndani ya nyasi bila kuyaona, likayang'oa moja moja. Lilipofika karibu na mahali petu nikaona chuma cha mbele kinateremshwa.

Nilikimbia. Nilitupa burashi nikakimbia nikipiga kelele simama, simama, mwanakharamu wewe, simama! Mngurumo ule nani angenisikia? Lilianza upande wa njia. La kwanza lilikuwa la Mize. Nilipofika lilikuwa limeshapita kwa baba, linakwenda kwa mama. Yote manane, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji ya chai. Mawe yakasukumwa mpaka pembeni, ya makaburi na ya mpakani, yakawa rundo moja. Dereva alipozima injini nikawa nimekaa chini kwenye udongo mwekundu, na Mwishehe anakuja anauliza, "Vipi wewe, umepandwa na mashetani?"

Alipoelewa alishika kichwa. "Lahaula! Sasa mbona ulisema ni mawe yako?"

Wala hakulisema kwa mtu tena, maana aliyemwashiria dereva ni yeye. Yule kijana mwekundu akaelezwa, akatazama saa yake, akasema jambo. Jioni ile ile kifusi kikamwagwa.

Lakini kabla ya kifusi alikuja Mwaija. Si nimewaambia ilikuwa Alhamisi? Alitokea baada ya alasiri, mrehani mkononi, msala kwapani. Akasimama. Akaangalia huku, akaangalia kule, kama mtu aliyepotea njia ya kwake. Kisha akaniona.

"Mbaruku, mwanangu yuko wapi?"

Nikasema, "Dada, Wazungu wamegeuka. Amri imetoka juu."

"Kwa nani? Yule mwenye miwani?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mwenyewe yuko Tabora, hatarudi, hatajua.

Mwaija hakulia. Alifunika uso kwa kanga muda mrefu, alipoufunua akasema, "Alinipa mkono." Akalirudia hilo mara nyingi. Nilimshika bega kumpeleka nyumbani, akatembea nami mdogo mdogo, akiniegemea mimi. Mimi!

Yangeishia hapo ningekuwa mtu mbaya wa kawaida tu. Hayakuishia. Arobaini ya siku ile Mwaija akataka isomwe Halbadiri. Mnaijua, dua ya kumshitakia Mungu aliyekudhulumu, haisomwi ovyo, watu wanaiogopa kuliko bunduki. Mwalimu Mohamedi alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu akakubali, akatuweka chini akasema, "Mwaija, kisomo hiki hakichagui. Kinamwendea mwenye kosa, awe mbali, awe karibu. Uko tayari?"

"Niko tayari," akasema dada yangu. "Anayemjua ni Mungu."

Na mwanamume wa nyumba ile ni nani? Ni mimi. Mimi ndiye niliyetandika mikeka, mimi ndiye niliyewasha udi, mimi ndiye niliyeketi mkono wa kulia wa Mwalimu. Kila walipoomba mwenye kosa aangamie, nikaitikia amina pamoja na wenzangu. Chetezo kikaniponyoka kikagonga sinia. Watu wakasema masikini Mbaruku, anaumia kwa ajili ya mpwa wake.

Nikawa nangojea. Nikikohoa nasema ndiyo hii. Nikijikwaa nasema ndiyo hii. Miezi ikapita sikuumwa hata jino. Kabla ya mwaka kwisha Mwishehe akaja na habari kutoka kwa madereva wa jeshi kwamba yule Mzungu mwenye miwani amekufa kwa homa kulekule Tabora. Mwaija alikuwa anasuka. Miyaa ikamtoka mikononi.

"Imempata," akasema.

Siku ile aliona amelipiwa kisasi, akala akashiba. Kesho yake hakula. Kesho kutwa akanijia na uso mwingine. "Mbaruku, yule mtu aliniuliza jina la Mize. Hakuna Mzungu mwingine aliyewahi kuniuliza jina la mtoto. Mbona alinitenda vile?" Nikasema mimi nitajuaje mambo ya Wazungu. Tangu siku hiyo dada yangu aliamini ameua mtu. Alifunga mwezi mzima kuwa kafara, kisha akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, mwaka baada ya mwaka, na mwili ukamwisha. Mikeka ya harusi akaacha kusuka, akasema mikono yake haina baraka ya kutandika kitandani kwa bibi harusi. Na ulimi wake wote ule ukanyamaza. Ukiingia kwake bila hodi anakutazama tu.

Ningeweza kumwambia. Siku yoyote katika miaka kumi na miwili ningeweza kukaa mbele yake nikasema, dada, yule mtu hakufanya neno, ni mimi na debe langu. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara ngapi. Nikishapokewa na "karibu mdogo wangu," nikishaletewa maji, maneno yanarudi tumboni. Ningempunguzia damu ya mtu na kumwongezea ndugu aliyemwuza. Au nilijiogopea mwenyewe, semeni mnavyotaka.

Kiwanja chenyewe? Vita vilipokwisha tu wakang'oa mabati, wakapakia mapipa, wakaondoka. Ule upande wa bara uliozidishwa hakuna gurudumu la ndege lililowahi kuukanyaga, hata siku moja. Nyasi zikarudi. Watu wakaanza kuanika makopa ya mihogo kwenye kifusi, maana kinakamata joto. Mwaija hakupita pale. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya pili, na kila siku alizunguka kiwanja kizima, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, jembe begani.

Mwaka wa hamsini na tano, mfungo sita, akaanguka kitandani. Nilikwenda asubuhi nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa pumzi ndogo. Akaniomba nikae karibu. Ule msala nusu ulikuwa chini ya mto wake.

"Mbaruku, nizikeni karibu na Mize," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unayajua mawe. Utapajua."

"Nitapajua, dada."

Akapumzika. Nilidhani amelala. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na nguvu ile sijui aliitoa wapi. "Nataka unieleze jambo moja, nakwenda kuulizwa. Yule Mzungu. Kama hakuwa yeye, basi nimemuua mtu bure. Wewe ulikuwepo kazini. Amri ilikuwa yake?"

Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa safi kabisa, yaleyale yaliyokuwa yakinitazama nikijifunza kutembea. Nilikuwa na nafasi yangu pale, yote, na hapakuwa na kiboko wala jela.

"Ndiyo, dada," nikasema.

Akashusha pumzi. Akaniachia mkono. "Basi nimemsamehe," akasema. "Naye anisamehe." Adhuhuri haikuingia, akafa.

Nikaongoza watu mpaka kiwanjani. Minazi haipo, mkwaju uliokuwa njiani haupo, mawe hayapo, ni kifusi kitupu huku na huku. Wachimbaji wakasimama na sururu wakiningoja niwaonyeshe, na mimi sikupajua. Nilipiga hatua kutoka huku, nikapiga kutoka kule, watu wakinitazama kwa heshima, nikasimama nikaelekeza kidole chini. Pale. Walipachimba kwa shida, kifusi kimeshindiliwa vizuri. Huenda Mize yuko ubavuni mwake. Huenda yuko mwisho wa kiwanja, na mama yake amelala peke yake mahali nilipopachagua mimi kwa sababu miguu ilichoka.

Shaabani ikifika vijana wa ukoo huja na debe na burashi kutaka kulipaka kaburi la bibi yao, siku hizi chokaa imejaa madukani. Nawafukuza. Wanasema babu ana roho mbaya, kaburi la dada yake mwenyewe liko chafu kuliko yote ya Kisimani. Ni kweli, ni chafu.

Yule karani aliniuliza swali moja la mwisho akiwa ameshasimama. "Na wewe mzee, kazi yako kiwanjani ilikuwa ipi?" Nikamwambia nilikuwa napaka mawe. Akaandika.